Flashi ya Walter kwenye Kamera ya Bhoke

Mfangano, 11 Februari 2024

Kwa Bhoke, dada yangu,

Nakuandikia nikiwa mzima mwili wote isipokuwa mgongo, nao nimeshauzoea. Hapa kisiwani tunajenga bweni la shule juu ya kilima. Mawe yanaletwa na mashua mpaka ufuoni, na mimi ni mmoja wa wale wanaoyapandisha. Jioni tunakula kuon, ndio ugali wa huku, na samaki. Nimewachoka samaki, lakini usimwambie mtu, maana wenyeji hawa ni wema na wangehuzunika. Nisalimie Mama, na Wesley mume wako, na watoto. Mke wangu Emmaculate mwambie blanketi alilonifungia limenifaa, upepo wa ziwa unaingia mpaka kwenye mifupa.

Unajua kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Mtandao wa huku unakatika tukiwa bado tunaulizana habari za mbuzi, na neno lenyewe linabaki kooni.

Neno lenyewe ni hili. Emmaculate ameniambia Mzee Maranga anataka upige picha za harusi ya binti yake Mellen mwezi wa tano, ila alisimama nje ya kanisa na kusema mbele ya watu kwamba picha zako za ndani watu wanafanana na vivuli, na usipopata taa ya maana atamleta mpiga picha wa mjini Migori. Ni kweli alisema mbele ya watu? Hilo tu ndilo nataka kujua. Kusema si neno. Kusema mbele ya watu ni neno.

Huku nimewaambia wenzangu kwamba nina dada mpiga picha. Levi, msimamizi wetu, akadhani nimekosea kusema, akaniuliza kama ni kaka. Nikamjibu ni dada, tumbo moja, na kamera ni yake mwenyewe. Tangu siku hiyo wananiita Kaka wa Kamera. Sasa nisikie mtu kule nyumbani anasema kamera hiyo ni ya nje tu, kwenye jua, kama kuku?

Flashi nitakutafutia mimi. Niliiona moja ng'ambo, Sindo, nilipokwenda kununua viatu, kubwa, unaweka juu ya kamera. Usinikataze. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yako ndio niliowapeleka kwa kina Emmaculate. Kila sufuria inayochemka kwangu ina mkono wako, na watu wa kwetu wote wanajua hivyo. Niandikie kama kuna jambo la kuangalia.

Ni mimi,
Matiko


Ntimaru, 25 Februari 2024

Kaka Matiko,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Nyatichi muuza dagaa, ikiwa na harufu ya omena zake, nikaisoma nje. Sisi wazima. Mama anakohoa asubuhi tu. Wesley anakusalimu, anasema ukirudi uje na miguu yako, usiiache kilimani. Mbuzi wako mweusi amezaa mapacha, na Emmaculate anawakataza watu wasiwahesabu.

Ndiyo, Mzee Maranga alisema mbele ya watu. Hakusema kwa ubaya, ndivyo alivyo, anaongea na mtu mmoja kama anahutubia soko. Na tuseme ukweli, alisema haki. Kanisa letu ni la mabati na madirisha yake ni madogo. Ile flashi ndogo iliyo ndani ya kamera inafika benchi la kwanza tu, waliokaa nyuma wanabaki macho na meno. Ubatizo wa mwezi wa kumi na mbili niliupiga hivyo, watu wakachukua picha zao kimya. Kimya hicho kilinisumbua kuliko maneno ya Maranga. Harusi hii nikiiharibu, Ntimaru nzima haitaniita tena, nitarudi kuuza nyanya.

Kwa hiyo ukipata flashi nitafurahi, siwezi kukuficha. Lakini kaka, soma hapa polepole. Kamera yangu ni Nikon. Flashi iwe imeandikwa Nikon, au imetengenezwa na kampuni nyingine lakini mwenyewe akuhakikishie ni ya Nikon. Isiwe ile kuukuu ya kamera za filamu, nyingine hupiga umeme mkali unaoweza kuiua kamera yangu. Usitazame ukubwa. Usitazame tu kama mguu wake unaingia juu ya kamera, miguu karibu yote inaingia. Tazama chini ya mguu, kuna vidoa vya shaba, ndivyo vinavyoongea na kamera. Nimevichora hapa chini jinsi vilivyokaa kwa Nikon. Kama havifanani na mchoro, iache, hata ikiwa nzuri kama nini.

Nyatichi anasema wiki hii atapitia kwanza Muhuru kumwona dada yake mgonjwa, kisha ndio aje huko. Namwomba asikawie.

Dada yako,
Bhoke


Sindo, 17 Machi 2024

Kwa dada yangu Bhoke,

Salamu zangu leo ni za mtu mwenye furaha. Nimevuka kuja Sindo, nimekaa kwenye duka la Walter, nakunywa chai yake, na mbele yangu flashi yako iko mezani.

Jibu lako sijaliona. Nyatichi hajaonekana huku tangu mwezi wa pili, wengine wanasema yuko Muhuru, wengine wanasema mvua imeharibu barabara. Nilingoja nikaona mwezi wa tano unakuja. Nikaamua.

Huyu Walter alikuwa mpiga picha wa hapa Sindo, jina lake linajulikana mpaka Mbita. Mwaka jana alikuwa kwenye mashua mpya akipiga picha za uzinduzi wake, watu wakasogea upande mmoja wote kwa pamoja ili waonekane, na kamera yake ikaenda chini ya ziwa. Flashi ilikuwa kwenye begi. Sasa anauza vifaa vya simu, na flashi ikabaki mjane. Hayo ni maneno yake. Aliniambia, "Jaduong', mzee wangu, huyu mjane ni mchapakazi, mpe nyumba."

Usidhani nilichukua kipofu. Nilimwuliza kama itaingia kwenye kamera yoyote, akasema mguu ni uleule. Tulifunga milango ya duka mchana, akabonyeza kitufe cha kujaribu, na ukuta wa mbali ukawa mweupe hata nikaona mjusi aliyekuwa juu ya kalenda. Nikamwambia arudie, akarudia, mara nyingi, na nguvu haikupungua. Ni nzito mkononi, ina kichwa kinachogeuka, ina kioo cha namba nyuma. Dada, hii si taa ya kuonyesha vivuli. Mjini Migori watauona mwanga wake.

Jinsi nilivyoipata ni kati yangu na Walter, tumemalizana.

Naituma na Otieno, dereva wa pikap ya samaki anayefika mpaka Kehancha na kwenu. Nimeiweka kwenye mkebe, na mkebe nimeuzamisha katikati ya gunia la omena kavu, kwa sababu hakuna mwizi atakayechimba omena kutafuta flashi. Nimeiombea kabla ya kuifunika. Na huko kwenye simu ya jana, kabla mtandao haujakatika, nilimwambia Emmaculate apite kwa Mzee Maranga na kumwambia mbele ya watu, kama alivyosema yeye, kwamba taa ya Bhoke inakuja.

Kaka wa Kamera,
Matiko


Ntimaru, 2 Aprili 2024

Kaka Matiko,

Salamu. Gunia limefika salama na mkebe ulikuwa ndani kama ulivyosema. Asante sana. Flashi ina harufu, Emmaculate anasema wateja wangu wa kwanza watakuwa paka wa jirani. Inawaka.

Mvua ni nyingi. Mahindi ya bondeni yamelala. Mama amepona kikohozi. Watoto wanakaribia kufunga shule.

Emmaculate alifika kwa Mzee Maranga kabla sijajua. Alimkuta na wageni, akasema yote. Mzee akasema vizuri, ataona.

Nyatichi alipitia hapa jana, anatoka Muhuru sasa. Nimempa barua hii. Ile ya mwezi wa pili bado alikuwa nayo kwenye mkoba.

Dada yako,
Bhoke


Mfangano, 20 Aprili 2024

Bhoke,

Barua zako mbili zimefika siku moja, na nilianza na ile ya Aprili kwa sababu ilikuwa juu. Nikafurahi robo. Kisha nikafungua ile ya Februari.

Nimekaa na mchoro wako wa vidoa. Sikuvitazama vidoa. Nilitazama ukuta.

Salamu kwa wote. Sina habari nyingi. Hapa kuta zimefika kwenye madirisha na sasa mawe tunayapandisha mara mbili, mara ya kwanza kilimani, mara ya pili kwenye jukwaa. Usiku nalala kama gogo.

Sasa niambie. Umeandika "inawaka." Jiko linawaka pia. Barua nzima umeniandikia mahindi, kikohozi na paka, na flashi umeipa neno moja. Mimi nimekujua tangu ukiwa mgongoni mwa Mama. Ukinyamaza hivi, kuna kitu unakikalia.

Flashi ile imeandikwa Canon. Niliiona hiyo Canon nikiwa dukani, nikadhani ni jina la tajiri aliyeitengeneza, na tajiri yeyote alinitosha. Kwa hiyo usinizungushe. Mimi nabeba mawe, sibebwi mgongoni. Je, inafaa au haifai?

Matiko


Ntimaru, 5 Mei 2024

Kaka yangu,

Umzima? Mimi nimeisoma barua yako mbele ya Emmaculate, naye akasema, "Nilikuambia atajua." Basi nakujibu bila kukuzungusha.

Kwanza ujue kwa nini nilinyamaza. Nyatichi alipotoka Muhuru alikuwa ameshapata habari zako zote ufuoni, unajua wauza samaki hawakosi kitu. Alituambia kwamba ulimchimbia Walter shimo la choo kwa ajili ya flashi hii, Jumapili zako za kupumzika kazi ya mawe, na kwamba chini mlikuta mwamba na hukuacha. Alitusimulia Mama akiwepo. Mama alikwenda nyuma ya nyumba. Baada ya hapo, kaka, ningeandika vipi kwamba umekosea? Na kurudisha siwezi. Kitu ambacho ndugu amempa dada ambaye ng'ombe wake ndio waliomjengea, kwetu hakirudi kilikotoka, ni kama kumrudishia nyumba yake.

Sasa ukweli wenyewe. Inafaa nusu. Kile kidoa kikubwa cha katikati ndicho kinachosema "waka," na hicho Canon na Nikon wanasikilizana. Vile vidogo vya pembeni ndivyo vinavyosema "waka kiasi hiki," na hapo kila mmoja anasema lugha yake, kama wewe na watu wa kisiwani wiki yako ya kwanza. Kamera inanyamaza, na flashi inapiga bila kuuliza. Picha ya kwanza nilimpiga Emmaculate karibu, akatokea mweupe kama amejipaka unga wa muhogo. Aliipenda, nikaifuta. Ya pili nusu ilikuwa nyeusi kabisa, kama mtu amevuta pazia. Nilidhani imekufa, nikalia kidogo, sikuona haya.

Kumbe ni mambo ya mkono. Flashi yenye kamera yake inajipima yenyewe. Hii lazima niipime mimi. Lile pazia jeusi ni kasi ya kamera, nikiishusha linaondoka. Weupe wa unga ni nguvu ya flashi, nayo naipunguza kwa vitufe vya nyuma, nusu, robo, mpaka sura irudi kuwa sura. Ila nguvu hiyo ni ya umbali mmoja tu. Mtu akisogea mbele anawaka, akirudi nyuma anazama. Harusini hakuna anayesimama mahali pamoja. Hapo ndipo nilipo. Kila jioni Mama, Emmaculate na watoto wananisimamia ndani ya nyumba, wamechoka nami.

Harusi ni tarehe ishirini na tano, Jumamosi. Nimesikia Mzee Maranga amemwambia yule wa Migori afike pia, akae tayari.

Bhoke


Homa Bay, 12 Mei 2024

Kwa Bhoke,

Naandika kwenye benchi la kituo cha basi na kalamu ya kuazima, ili Otieno aondoke nayo, msinione nimeandika vibaya.

Kwanza nisalimie Mama, na umwambie mwamba ule haukuwa mkubwa kama Nyatichi alivyousimulia. Nyatichi aweke chumvi kwenye omena zake, aniache mimi.

Umenieleza vizuri, nimeelewa kila neno. Levi amenipa siku moja, nimekuja Homa Bay kutafuta ile iliyoandikwa Nikon. Nimepata duka lenye flashi tatu kwenye kioo. Dada wa dukani, anaitwa Benta, ameniuliza Nikon gani, kuna namba mbele ya kamera. Sijui namba. Ameniuliza kama aliyenituma anataka ijipime yenyewe au kwa mkono. Nikasema ijipime. Akatoa moja, ndogo, nyepesi kama kiberiti, akasema nadhani ni hii. Nikamwuliza, unadhani au unajua? Akacheka, akasema, "Baba, niletee kamera nijue."

Bhoke, mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni. Nikautoa mtupu. Ukikata nira bila kumwona ng'ombe, ni kosa lako. Mara ya kwanza nilikata. Leo nimekataa, na narudi kisiwani bila kitu, wala sioni haya.

Sasa sikia neno nililokuja kuandika. Ile ya kwangu usiitumie kwa heshima yangu. Kama itakuaibisha mbele ya Maranga, iache kwenye mkebe wake. Mwache yule wa Migori apige ndani, wewe upige nje, na hakuna atakayekufa. Hujanikosea. Shimo lilichimbwa na watu wanalitumia, kazi haikupotea. Mimi sitaki uanguke ukiwa umeshika kitu changu.

Fanya kama uonavyo wewe.

Kaka yako,
Matiko


Ntimaru, 3 Juni 2024

Kaka Matiko,

Salamu kutoka kwa wote, na leo salamu ni nyingi kwa sababu kila mtu kanituma. Mama anasema ule. Wesley anasema kilima hicho kinatosha sasa. Mapacha wa mbuzi wanarukaruka mpaka jikoni.

Barua yako ya kituoni ilifika Ijumaa, siku moja kabla. Niliisoma mara mbili. Usingeiandika, ningeipeleka flashi kanisani kwa kukuogopa. Uliponiambia niiache, ndipo nilipoitazama kama kazi. Nikajiuliza naiweza au siiwezi. Nikaona naiweza, nikatia betri mpya.

Mvua ilianza asubuhi. Hakuna picha hata moja iliyopigwa nje, kaka. Yote yalikuwa ndani, na ndani kulikuwa giza kama jioni. Yule wa Migori alikuwa benchi la nyuma, begi lake magotini. Alinijia, akatazama juu ya kamera yangu, akaniambia kwa upole kwamba hiyo haiwezi kufanya kazi vizuri. Nikamwambia najua.

Kwa kuwa sikuweza kuwafuata watu, niliamua watu wanifuate mimi. Asubuhi na mapema nilichora mstari wa chaki sakafuni mbele ya madhabahu, na mwingine mahali pangu. Nilikuwa nimeshapima nguvu ya flashi kwa umbali huo. Nikamwomba mchungaji, akakubali kwamba kila jambo la picha lifanyike mstarini. Pete, mstarini. Kutia saini, tukavuta meza mstarini. Shangazi mmoja wa Mellen alipofika zamu yake akaja akicheza mpaka kwenye pua yangu, huyo ametokea mweupe mara mbili, sina la kufanya.

Ikafika picha ya wazee. Mzee Maranga akasimama anapotaka, mbele kabisa, mbali na mstari, fimbo mkononi, na rika lake lote likamfuata. Nikamwambia arudi nyuma. Nilisema kwa heshima lakini nilisema kwa sauti, kwa sababu mvua ilikuwa inapiga mabati.

Akaniambia, "Wewe mtoto, unanipanga mimi kwenye harusi ya nyumba yangu?"

Nikamwambia, "Si mimi, Mzee. Ni taa. Haimfuati mtu, mtu ndiye anaifuata."

"Basi taa yako ina kiburi."

"Ilichaguliwa na Matiko."

Kaka, kanisa lilicheka mpaka mchungaji akashika kitambaa kufuta machozi. Mzee mwenyewe alicheka, ule mwanya wake wote ukaonekana, akarudi nyuma akiwa bado anacheka, akasimama mstarini, na wazee wote wakajipanga naye kama watoto wa darasa la kwanza. Hapo ndipo nilipobonyeza.

Picha hiyo nimeifunga ndani ya barua hii, katikati ya kadi ngumu, nimempa Nyatichi na nimemkataza kuiweka karibu na samaki. Itazame. Aliyesimama mlangoni nyuma kabisa ni giza, huyo flashi haikumfika, sikufichi. Lakini wazee wote wana sura. Unaweza kuona vifungo vya koti la Maranga.

Yule wa Migori hakufungua begi. Alikula, akaniaga vizuri, akaondoka mvua ilipopungua.

Jumatatu Mzee Maranga alipita sokoni, akasimama, na kwa sauti yake ile akasema kwamba Ntimaru ina mpiga picha na asisikie mtu anakwenda Migori. Alisema mbele ya watu. Nimepata sherehe ya shule mwezi wa saba, na harusi nyingine ng'ambo ya Kegonga.

Dada yako,
Bhoke


Mfangano, 16 Juni 2024

Kwa Bhoke, mpiga picha wa Ntimaru,

Nakusalimu. Leo ni Jumapili, nimefua, nimekaa kwenye ukuta wa bweni ambao nimeujenga kwa mgongo wangu, na picha iko mapajani. Nyatichi ametii, haina harufu.

Nimemwonyesha kila mtu. Levi aliichukua mpaka kwenye mwanga, akawahesabu wazee, akauliza ni nani aliyeweza kuwapanga hawa wote bila mmoja kugeuza uso. Nikamwambia ni yuleyule dada. Hakuniuliza tena kama ni kaka. Jana nilivuka nikampelekea Walter. Nilimweleza kuwa flashi yake ilikuwa ya jina jingine na kwamba mimi sikuuliza swali lililofaa, yeye alijibu nililouliza. Akasema yeye mwenyewe na kamera yake hakuwahi kupata picha ya wazee iliyonyooka hivi, kwa sababu flashi yake ilikuwa inamfanyia kila kitu. Amekuomba picha moja ya kuweka dukani, umwandikie jina lako nyuma.

Ukweli mmoja uliuacha nje pale kanisani, nami nitausema mwenyewe. Ulimwambia Maranga ilichaguliwa na Matiko. Hukumwambia Matiko alichagua vibaya. Mimi hapa nimewaambia wote. Wakicheka nacheka nao, kwa sababu nikimaliza kucheka picha bado iko mkononi mwangu. Nilidhani najivunia kukununulia taa. Najivunia kwamba nilikupa kitu kisichofaa na ukakifanya kifae.

Lakini usiendelee kuteseka na chaki. Ukipata nafasi, chukua kamera yenyewe, nenda Homa Bay kwa Benta, uijaribu pale kwenye meza yake, uchague wewe. Mimi sitachagua tena. Ukihitaji wa kubeba, nipo.

Bweni linaezekwa mwezi wa nane na nitakuja nyumbani. Nina jambo moja la kukuomba. Mimi sina picha, Bhoke, ila ile ya kitambulisho, na pale nimekasirika. Watoto wangu wakiulizwa baba yao ni nani hawana cha kuonyesha. Nitavaa shati la mistari. Mikono nimejaribu kuisugua, saruji haitoki, basi ionekane hivyohivyo.

Utanichorea mstari, nami nitasimama hapo utakaponiambia.

Kaka yako,
Matiko